Sera ya usawa ipo ukutani, muanzie wapi?

Mleta mada, umesema taasisi yenu ina sera nzuri ya usawa lakini wanawake na wenye ulemavu bado wanaachwa nyuma, ukauliza muanzie wapi. Nimekaa idara ya utumishi miaka 11, nakujibu kwa niliyoyaona.

Semina ziacheni kwanza. Angalieni usaili. Kwetu msailiwa alikuwa hajafika hata nje, mwenyekiti wa jopo keshasema, "Huyu anafaa." Basi, sisi wengine tunasogeza alama zetu zimfuate. Mimi pia nilisogeza, na si mara moja. Wanawake waliulizwa kama wana watoto wadogo; sijawahi kusikia mwanaume akiulizwa hivyo. Tukabadili mambo mawili: maswali yaandikwe kabla na yawe yaleyale kwa kila mtu, na kila mjumbe ajaze alama kwa wino na kusaini kabla hajafungua mdomo. Manung'uniko yalikuwepo. Lakini mtu mmoja akipewa 40 na huyu, 75 na yule, lazima kila mmoja aeleze, na zipo sababu zilizoshindwa kusimama zilipotamkwa mbele za watu.

Lililoniuma zaidi ni la mwenzetu wa masjala, ambaye ni kiziwi. Vikaoni alikaa akifuatisha midomo ya watu, huyu akimaliza anageukia yule, na wengi wetu tulizungumza tumeinamia makabrasha. Watu wakicheka, anamtazama jirani yake, naye anamwandikia. Siku moja baada ya kikao niliokota ile karatasi mezani. Ilikuwa na sentensi moja, imeandikwa mara nne: "Nitakuambia baadaye."

Nilipoomba mkalimani wa lugha ya alama, nikajibiwa kwamba hiyo ni hisani, itafikiriwa bajeti ikiruhusu. Nikarudi na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 2 inasema wazi kuwa kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji, yasiyo mzigo kupita kiasi kwa taasisi, ni ubaguzi. Neno hisani halikutajwa tena. Kikao cha kwanza chenye mkalimani, mwenzetu alieleza kwa dakika kumi kwa nini mafaili yalikuwa yanapotea. Tulikuwa tumelijadili hilo kwa miezi, yeye yupo palepale, hakuna aliyemuuliza.

Halafu malalamiko. Fuatilieni barua inapita kwa nani. Kwetu ilianzia kwa mkuu wa idara, na mara nyingi ndiye aliyelalamikiwa. Dada mmoja aliyelalamikia kunyanyaswa alihamishwa kitengo ndani ya mwezi, eti kwa manufaa ya kazi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unataka mlalamikaji na mashahidi walindwe dhidi ya kulipiziwa kisasi, na nchi yenu ikiwa imeuridhia mna pa kushika. Sisi tuliweka wapokeaji wawili, mmoja kutoka nje ya idara, na uhamisho wowote wa aliyelalamika ukawa unahitaji maelezo ya maandishi.

Ingekuwa mimi ndiye niko hapo kwenu, kesho ningeomba kanuni za utumishi na kusoma kifungu cha malalamiko nione barua inapokelewa na nani.