Kugeuza pikipiki taratibu: maswali yenu kabla ya mtihani

Wanaojiandaa na mtihani wa leseni ya pikipiki hawanisumbui sana na alama za barabarani wala na kubadili gia. Wanauliza kuhusu kugeuza: kutoka ukingo huu wa barabara, kuzunguka na kurudi ulikotoka, kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kushusha mguu na bila injini kuzima. Mtu anayetulia kabisa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hufika hapo akakakamaa mabega.

Majibu yangu mengi leo yanarudi mahali pamoja. Pikipiki inayogeuka taratibu hushikiliwa na nguvu ya injini inayofika kwenye tairi la nyuma bila kukatika. Ukiikata katikati ya kona, pikipiki inalala.

Nikifika nusu ya kona pikipiki inaanza kulala na mguu unashuka wenyewe. Mwalimu ananiambia nisiogope. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

Kukuambia usiogope hakukufundishi kitu. Mguu wako unashuka kwa sababu mwili umehisi jambo la kweli: pikipiki imepoteza msukumo. Karibu kila ninayemwona akishusha mguu amefanya moja kati ya mawili sekunde moja kabla. Ama amefunga mafuta, ama amebana klachi yote. Anaona kona inamjia haraka, anataka kupunguza mwendo, mkono unajibu kabla ya kichwa.

Anza bila kona. Tafuta eneo tambarare, weka gia namba moja, achia klachi polepole mpaka usikie mlio wa injini unashuka na pikipiki inataka kutoka. Hapo ndipo klachi inapoanza kushika. Bana kidogo, inasimama. Achia kidogo, inasogea. Umbali kati ya kusimama na kusogea ni mdogo sana, na vidole vyako lazima viujue hata ukiwa umefumba macho. Kaa hapo muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Nikiwa na mwanafunzi mwenye saa moja tu, ningetumia nusu yake kwa zoezi hili.

Kisha endesha mstari ulionyooka kwa mwendo wa chini kabisa. Mkono wa kulia unavuta mafuta kidogo, juu ya silensa (mzunguko wa injini usipogusa mafuta), halafu unatulia. Klachi inakaa pale inaposhika. Mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma kwa wepesi muda wote. Sasa mwendo unautawala kwa mguu: ukitaka taratibu zaidi, kandamiza, ukihisi inayumba, legeza. Injini inasukuma na breki inazuia, kwa hiyo mnyororo unabaki umekazika na pikipiki haistuki. Ukiweza kutambaa hivyo mita 20 bila kuyumba, anza mizunguko mipana, na kila ukizoea punguza upana. Ndipo uje kwenye kugeuza.

Na pale itakapoanza kulala, maana itaanza, dawa ni kulegeza breki ya mguu na kuachia klachi kidogo. Pikipiki inajiinua. Ni kinyume cha kile mwili unachotaka, ndiyo sababu linafanyiwa mazoezi na halisomwi tu.

Fundi wangu anasema mazoezi hayo yanaunguza klachi. Ni kweli? (Msomaji, Eldoret)

Kwa pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda kwetu, kama Boxer na TVS, sahani za klachi zinaogelea ndani ya oili ya injini, na oili hiyo huzipoza. Kuisugua klachi kwa mwendo wa chini na mafuta kidogo hakuziumizi. Kinachoziunguza ni kuvuta mafuta mengi huku klachi imebanwa nusu, hasa kwenye mlima na mzigo. Fundi wako anaona klachi zilizoharibiwa hivyo, kwa hiyo simlaumu. Pumzisha injini kila baada ya muda, maana ikitambaa haipati upepo wa kuipoza, na hakikisha oili haijapungua.

Nilianguka mazoezini mara tu nilipogusa breki ya mbele. Tairi lilikuwa jipya. Shida ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Usukani ulikuwa umekatwa, yaani umegeuzwa upande. Ukifunga breki ya mbele huku unakwenda moja kwa moja, uzito unasogea mbele na pikipiki inasimama wima. Usukani ukiwa umekatwa na pikipiki imeinama kwenye mwendo mdogo, breki hiyohiyo inausimamisha msukumo ghafla, uzito unamwagikia upande wa ndani, na hakuna mwendo wa kuiinua tena. Tairi jipya haliwezi kukuokoa hapo.

Toa vidole vyote kwenye breki ya mbele kabla ya kuanza kugeuza, vikunje kwenye mpini. Ukiviacha juu ya breki vitaitumia siku utakayostuka. Ikibidi kusimama katikati ya kona, nyoosha usukani kwanza.

Naambiwa niangalie ninakokwenda. Nikiinua macho naogopa sioni tairi linapopita. (Msomaji, Mombasa)

Tairi la mbele halina la kukuambia. Likifika kwenye koni umeshachelewa. Geuza kidevu, siyo macho peke yake, mpaka kiwe juu ya bega la upande unaogeukia, utazame mahali utakapotokea. Ukikodolea macho ukingo wa barabara, utaufuata ukingo. Hili halihitaji maelezo marefu. Lijaribu jioni hii, utaona kona inapungua upana bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Nilijifunzia Kampala, sasa niko Goma na nitafanya mtihani huku. Kugeuza upande wa kushoto kunanishinda kabisa ingawa kulia nilikuwa hodari. Kwa nini? (Msomaji, Goma)

Nimelifurahia swali hili kwa sababu wengi hawalifikirii. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo tukigeuza tunazungukia kulia. Congo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia, na wanazungukia kushoto. Pande hizi mbili ni kazi mbili tofauti kwa mikono na miguu.

Ukizungukia kulia, mkono wa mafuta unarudi karibu na tumbo, kiwiko kinakunjika, na kifundo cha mkono kinaweza kuvuta mafuta bila wewe kukusudia. Tena mguu unaotaka kushuka ni wa kulia, na huo ndio ulioshika breki ya nyuma. Ukiushusha umepoteza na breki. Ukizungukia kushoto, mguu wa breki uko upande wa nje, salama, lakini mkono wa kulia unanyooka mbali na mwili, na hapo mtu mwenye mikono mifupi anafunga mafuta bila kujua. Injini inanyong'onyea, pikipiki inalala. Nadhani ndilo linalokupata.

Sogea mbele kidogo kwenye kiti, inamisha kiwiko cha kulia, na shika mpini wa mafuta kwa namna ambayo kifundo hakitalazimika kusogea hata usukani ukifika mwisho. Jaribu kwanza pikipiki ikiwa imesimama na injini imezimwa: kata usukani wote kushoto, uone mkono wako unafanya nini. Sisi wa upande huu nasi tufanye mazoezi pande zote mbili, maana uwanja wa mtihani wenye umbo la nane unakudai kulia na kushoto kwa pamoja.

Mimi ni mwanamke mfupi, vidole tu ndivyo vinagusa chini. Naambiwa nitafute pikipiki ndogo. Ni lazima? (Msomaji, Nakuru)

Si lazima, dada. Urefu wa miguu unahesabika ukisimama, na kugeuza kunafanyika ukiwa unakwenda. Wenye miguu mirefu wana tatizo ambalo wewe huna: wanaitegemea, wanaiburuta chini kona nzima, na mtahini anawaandikia kosa.

Jifunze kuiacha pikipiki iiname huku wewe ukibaki wima. Ukizungukia kulia, sukuma kalio kidogo upande wa kushoto wa kiti, kandamiza kikanyagio cha mguu wa kushoto, acha pikipiki ilale chini yako kuelekea kulia. Uzito wako upande wa nje unaulipa uzito wa pikipiki upande wa ndani, kwa hiyo unaweza kukata usukani zaidi bila kuanguka. Kwenye kona za kasi mwili huenda ndani pamoja na pikipiki. Kwenye mwendo wa kutembea ni kinyume.

Kwa kusimama, chagua kabla ni mguu gani utashuka, usogeze kalio upande huo ili unyayo wote ukae chini. Vidole viwili vya kila mguu havina nguvu; unyayo mmoja unazo. Na jifunze kuinua pikipiki iliyoanguka: zima injini, kata usukani, geuza mgongo uegemee kiti, shika mpini kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, uisukume juu kwa mapaja, si kwa kiuno. Ukijua kwamba hata ikianguka utaiinua mwenyewe, utaigeuza kwa utulivu zaidi.

Skuta yangu haina klachi. Nitafanyaje hayo ya klachi? (Msomaji, Zanzibar)

Skuta ya gia za kujiendesha ina klachi ndani, ila inajishika yenyewe mafuta yakipanda na kujiachia yakishuka. Hatari ni kushusha mafuta mpaka iachie, maana hapo unateleza bila msukumo. Weka mafuta kidogo yasiyobadilika, na punguza mwendo kwa breki ya nyuma, ambayo kwenye skuta nyingi ni ya mkono wa kushoto. Mengine yote ni yaleyale.

Nitafanya Module 1, sehemu ya kwanza ya mtihani wa pikipiki, hapa Uingereza. Nimeshindwa mara moja kwa sababu ya kugeuza ingawa sikushusha mguu wala kuvuka mstari. (Msomaji, Leicester)

Basi tazama bega lako. Mtihani huo, unaofanyika kwenye uwanja uliofungwa tangu mfumo wa sehemu mbili uanze mwaka 2009, unakutaka ugeuze kati ya mistari iliyoachana mita 7.5 kwa pikipiki kubwa. Makosa madogo yanaruhusiwa hadi 5, lakini kosa kubwa moja linatosha kukuangusha. Kugeuza bila kuangalia nyuma juu ya bega kabla ya kukata usukani huwaangusha wengi wenye mikono mizuri kabisa. Uwanja ni mtupu, wanaona hakuna wa kumwangalia. Mtahini anataka kuona kichwa kikigeuka kama vile barabara imejaa magari.

Hili nawaambia na wa huku nyumbani. Indiketa, kioo, bega, ndipo usukani. Na iwe mazoea ya kila siku, maana lori linalokuja nyuma yako Chalinze halijui kama umeshapata leseni.

Nilifeli kwa pikipiki ya shule iliyokuwa inazima kila mara. Nitajuaje kama ni mimi au ni pikipiki? (Msomaji, Dodoma)

Ikague kabla ya kuipanda, na usione haya. Iwashe, ipate moto, isikilize bila kugusa mafuta. Ikinguruma kwa kupanda na kushuka au ikazima, silensa iko chini na fundi anaipandisha kwa dakika chache. Mkono wa klachi uwe na nafasi ndogo ya kucheza mwishoni kabla ya kuanza kuvuta. Milimita 10 hadi 20 ndicho kipimo cha kawaida kwa pikipiki ndogo nyingi. Ikicheza kupita hapo, klachi haiachii vizuri na pikipiki inatambaa hata umebana. Mnyororo uliolegea sana unaileta mistuko ile unayodhani ni ya mkono wako. Kata usukani kushoto na kulia: ukikwama katikati, beringi za shingo zimekufa, na pikipiki hiyo ikatae. Upepo mdogo kwenye tairi la mbele nao unaufanya usukani kuwa mzito.

Vyote vikiwa sawa na bado inazima, ni mkono wako wa kushoto unaachia haraka. Rudi kwenye jibu la msomaji wa Mwanza.

Nimefaulu. Sasa nikiwa na abiria siwezi tena kugeuza. (Msomaji, Tabora)

Hongera, kaka. Abiria anaongeza uzito nyuma na juu, na anaegemea anavyotaka. Mwambie kabla hamjaondoka akae karibu nawe, miguu kwenye vikanyagio, na mkigeuka atulie bila kujipinda. Tafuta nafasi pana kuliko ile ya mtihani. Kumbuka pia kwamba lami imeinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni. Ukigeuza, nusu ya kwanza unapanda na nusu ya pili unateremka. Bila abiria huoni tofauti. Mkiwa wawili utahitaji mafuta zaidi kidogo mwanzoni, kisha breki ya mguu zaidi mkishapita katikati.

Na kama barabara ni nyembamba, ina kokoto, au magari yanakuja kwa kasi, mteremshe abiria, ugeuze peke yako, apande tena ng'ambo. Au nenda mbele mpaka upate kichochoro au kituo cha mafuta ugeuzie huko. Abiria atachelewa dakika mbili.