Uliza Ujibiwe: Viazi, lumbesa na shindano la dunia

SWALI: Kaka shikamoo kama umenizidi. Niko mwaka wa tatu chuo hapa Iyunga, Mbeya, tupo wanne na tunataka kuingia Imagine Cup, lile shindano la wanafunzi dunia nzima la Microsoft. Tumetengeneza saiti inayokutanisha wakulima wa viazi wa Umalila na Uyole na wanunuzi wa Dar, mtu anaagiza na kulipa humohumo. Sasa ndani ya timu hatuelewani, mmoja anataka tujaze akili mnemba kila kona, mwingine anataka tuongeze mbolea, bima na usafiri eti majaji wanapenda kitu kikubwa. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kuanza na viazi, maana kila mwaka lazima atokee mtu anayetaka kutuletea Facebook ya Tanzania.

Hilo la kurundika vitu achaneni nalo. Shindano lilianza 2003, fainali ya kwanza ikafanyika Barcelona, na mwaka 2021 kombe lilichukuliwa na jirani zetu hapa, timu ya Kenya inaitwa REWEBA, wakabeba na dola 75,000. Hawakuja na hospitali nzima kwenye simu, walishika jambo moja tu, kufuatilia ukuaji wa mtoto mchanga akiwa mbali na kliniki ili tatizo likianza lionekane mapema. Akili mnemba sawa, miaka hii Microsoft wenyewe wanataka timu zitumie huduma zao za aina hiyo kwahiyo kanuni haina ubishi, ila iwekeni pale inapobeba mzigo. Mfano mkulima anarekodi sauti tu, "nina viazi vitatoka Jumanne, magunia kumi", mfumo unamjazia fomu, kwisha, maana huyo mzee hawezi kukaa anajaza visanduku vyenu kumi na mbili huku mikono imejaa udongo.

Sasa niwaulize mimi, mnunuzi akibofya "nunua magunia 20" anapata kilo ngapi? Nendeni Uyole asubuhi fuso zikipakia mkaangalie. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, halafu unaona lumbesa limeshonewa kilemba cha wavu juu, likipandishwa kwenye mizani linasoma 130 na kupanda, na mkulima kalipwa gunia moja. Saiti inayouza kwa gunia inaihamisha lumbesa kutoka shambani kuipeleka kwenye intaneti, na dalali atawashukuru sana. Wekeni bei kwa kilo, oda isifungwe mpaka uzito wa mizani uingizwe, na kabla dereva hajafunga turubai mkulima na mnunuzi wote wapate SMS moja inayofanana: kilo, bei ya kilo, jumla. Kakipande hako ndio huduma yenu, mengine yote ni mapambo, na kwenye demo mkionyesha hako tu kakifanya kazi mwanzo mwisho na mkulima halisi upande wa pili mmeshawazidi wengi wenye dashibodi za kumeremeta.

Halafu hela. Usije ukamwambia jaji "pesa inakaa kwetu mpaka mzigo ufike", atakuuliza leseni iko wapi, na kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 kuendesha mfumo wa malipo kunahitaji leseni ya Benki Kuu. Pitieni kampuni ambayo tayari ina leseni, na kwa sasa tumieni mazingira yao ya majaribio, hakuna senti inayotembea. Majina na namba za wakulima nazo si mali yenu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, muombeni mtu ridhaa kwa Kiswahili chepesi kabla hamjamsajili. Na wengi huko Umalila wana vitochi, kwahiyo upande wa mkulima uende kwa SMS au kwa menyu ya nyota na reli, saiti yenyewe muachieni mnunuzi wa Dar mwenye bando.

SWALI: Tulikuwa watatu hapa Iringa, tukaandika mfumo wa wauza mbao wa Mafinga kutoa ankara na kufuatilia oda. Mmoja kajitoa, nasikia anataka kuupeleka kwenye shindano lingine kwa jina lake. Wazo lilikuwa langu mimi, nifanyeje?

JIBU: Kamwene. Pole, ila wazo tupu halina ulinzi wa hakimiliki, kinacholindwa ni kilichoandikwa, yaani programu yenyewe, na kila mmoja ana haki kwenye kipande alichokiandika yeye. Kwahiyo na yeye kama aliandika hamuwezi kumfuta kama chaki ubaoni. Kama mlikuwa mnahifadhi kazi kwenye Git, ile programu inayotunza kila badiliko la kodi, hali yenu si mbaya, kumbukumbu inaonyesha nani aliweka mstari gani siku gani, pakueni nakala leo hiihii kabla hamjaanza kutupiana maneno kwenye grupu la WhatsApp. Kisha muiteni mkae, muandike karatasi moja nani anamiliki nini na nani anaruhusiwa kuupeleka wapi, wote msaini na shahidi awepo. Akigoma kabisa, waandikieni waandaaji wa hilo shindano na mwambatanishe hiyo kumbukumbu, mashindano ya maana yana kipengele cha kazi kuwa ya washiriki wenyewe. Jina la biashara sajilini BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, inafanyika mtandaoni, ila mjue hiyo inalinda jina tu.

SWALI: Mimi ni mama wa binti wa kidato cha tatu huku Njombe. Kuna kijana kaja na fomu anasema atampeleka mwanangu mashindano ya kompyuta Marekani, nitume laki mbili za usajili kwenye namba yake ya simu. Niamini?

JIBU: Mama, usitume. Technovation Girls, ambayo ni ya mabinti wa miaka 8 hadi 18 wanaotengeneza apu na mpango wake wa biashara, kujiunga ni bure, na Imagine Cup nayo ni bure japo binti bado mdogo kwa hiyo. Mtu anayetaka ada kwenye namba binafsi mwambie akupe anwani ya tovuti ya waandaaji, halafu mpe mwalimu wa kompyuta aikague, sio yeye akufungulie kwenye simu yake. Kama binti anapenda kweli, muulize huyo mwalimu kama anaweza kukusanya wasichana wenzake watatu wanne waanze timu hapohapo shuleni. Pasipoti usihangaike nayo sasa, ni shilingi 150,000 na haina haja mpaka barua ya mwaliko ije kutoka kwa waandaaji wenyewe. Na hiyo fomu ya kijana usiirudishe, ipeleke polisi pamoja na namba aliyokupa.