Buti za Bodaboda: Gambuti au Ngozi?

SWALI: Naendesha bodaboda Morogoro, mara nyingi nikiwa na ndala. Sasa nataka buti, ila mfuko wangu ni wa mtumba. Niangalie nini? Gambuti hazitoshi?

JIBU: Gambuti huzuia maji, basi. Haikingi kifundo cha mguu pikipiki ikikulalia, na ikigusa bomba la moshi lenye moto huyeyuka. Tafuta buti ya ngozi inayopanda juu ya kifundo.

Kabla ya kulipa, shika ncha na kisigino, uizungushe kama unakamua nguo. Soli ikijipinda kirahisi, iache, maana pikipiki ikiangukia mguu itaupinda vivyo hivyo. Bonyeza kisigino na pande za kifundo kwa dole gumba: pawe pagumu. Kisha kunja sehemu ya mbele mara kadhaa. Buti iliyokaa miaka stoo huachia gundi au soli humeguka, hata ngozi iking'aa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa mtumba huliwa. Ukikuta ndani alama EN 13634, hicho ni kiwango cha Ulaya cha viatu vya pikipiki, usiiache kirahisi.

Ijaribu ukiwa na soksi nene, juu ya pikipiki yako. Ingiza gia zote. Buti za kazi zenye chuma mbele mara nyingi ni nene, hazipiti vizuri chini ya pedeli ya gia. Kamba zichomeke ndani. Ikinasa kwenye pedeli, hutaweza kushusha mguu ukisimama.