Biti Yake, Wimbo Wenu: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Hakimiliki

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Shikamoo mhariri. Kwaya yetu ilirekodi nyimbo 8 kwenye studio moja jijini Mbeya, tukalipa fedha yote. Sasa prodyuza amezipandisha YouTube kwenye chaneli yake. Tukimuuliza, anasema biti ni yake kwa hiyo nyimbo ni zake. Sisi tulipewa MP3 tu kwenye flashi. Tuna haki gani? – Katibu wa kwaya, Tukuyu

Marahaba. Ndani ya wimbo mmoja mna mali tatu, na prodyuza wenu anazichanganya makusudi au kwa kutojua. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia. Huo ni wa aliyetunga, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaulinda bila kusubiri usajili. Kuna biti, yaani ala zinazobeba wimbo; kama aliipiga yeye na hamkuandikiana kitu, hapo ana hoja. Halafu kuna rekodi yenyewe, hicho kinachotoka kwenye spika. Vita vingi huzaliwa kwenye hii ya tatu, maana risiti iliyoandikwa "kurekodi nyimbo 8" haisemi rekodi ni mali ya nani. Hata hivyo, kumiliki biti hakumpi mtu ruhusa ya kutangaza wala kuuza maneno yenu.

Anzeni na karatasi, hata kama mmechelewa. Ukurasa mmoja kwa kila wimbo unatosha: jina la wimbo, tarehe ya kurekodi, nani alitunga maneno, nani melodia, nani alipiga biti, na asilimia za kila mmoja zikijumlishwa zifike 100. Kama kwaya ilikuja na wimbo ulioiva na yeye akaongeza kinanda na ngoma, kumpa asilimia 15 hadi 25 za utunzi si dhuluma kwa upande wowote. Chini yake wekeni sentensi inayojitegemea: "Rekodi hii ni mali ya kwaya." Isipokuwepo, asilimia hizo hazitawasaidia siku lebo au kituo cha televisheni kitakapouliza masta, yaani rekodi halisi, ni ya nani. Kila mtu asaini na shahidi awepo.

La pili, daini traki moja moja, zile ambazo studio huziita stemzi. MP3 ni kivuli cha wimbo: huwezi kuirudisha kwenye miksi wala kupunguza besi iliyozidi. Ombeni kila sauti na kila chombo kwenye faili lake la WAV, bit 24 (hiki ni kipimo cha ubora wa sauti, si biti ya wimbo), na kila faili lianze sekunde sifuri hata kama solo inaingia dakika ya tatu. Faili likianza pale chombo kinapoanza, fundi mwingine atakesha akibahatisha mahali pa kulipachika. Ombeni pia tempo (kasi) na ufunguo wa sauti wa kila wimbo viandikwe. Kuhusu ukubwa, traki ya mono ya bit 24 kwa 48 kHz inakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 24 ni kama GB 1, na nyimbo zenu 8 ni GB 8 na ushee. Pelekeni flashi ya GB 16 iliyo tupu. Angalizo moja hapo: fundi akifunga kila kitu kwenye faili moja la zipu, flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 itagoma, kwa sababu haipokei faili moja linalozidi GB 4. Mwambieni afunge wimbo mmoja mmoja.

Akikataa kabisa kushusha nyimbo, YouTube ina fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Dai utunzi, ambao hauna ubishi, badala ya rekodi ambayo mtabishana. Fomu inataka jina halisi, anwani, kiungo cha kila video, na tamko kwamba unasema kweli. Jina la mdai huonyeshwa kwa aliyepandisha video, kwa hiyo kaeni kikao kwanza mkubaliane nani anajaza. Prodyuza akiwasilisha pingamizi, mnakuwa na siku 10 za kazi kuonyesha kwamba mmefungua shauri, la sivyo video inarudi. Ndiyo maana ile karatasi ya mgao itangulie fomu. Kudai uongo nako kuna gharama: chaneli ya mdai inaweza kufungwa.

Wimbo wangu ulikuwa utoke Ijumaa. Jumanne nikausikia kwenye bajaji pale Kabwe, na sasa kila kibanda cha kuingiza nyimbo Mwanjelwa kinao. Nianzie wapi kuvikamata? – Msanii, Mbeya

Usianzie vibandani. MP3 ya 128 kbps inachukua takriban MB 1 kwa dakika, hivyo flashi ya GB 8 inameza nyimbo zipatazo 2,000 za dakika nne nne. Mteja halipii wimbo wako, analipia kujaziwa flashi. Ukifunga kibanda kimoja Mwanjelwa, kingine kinafunguliwa Uyole kabla jua halijazama. Sheria inamruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi. Anayekosea ni anayefanya biashara kwa kazi yako. Ukitaka kumshtaki, nunua nakala mbele ya shahidi, andika tarehe na bei, piga picha kompyuta inayoonyesha wimbo, kisha peleka COSOTA, ambayo tangu mabadiliko ya 2022 ni Ofisi ya Hakimiliki.

Lakini swali lako halisi ni hili: Jumanne wimbo ulikuwa mikononi mwa nani? Kibanda hakivunji studio usiku. Kimepewa. Na waliokuwa nao kabla ya Ijumaa kwa kawaida hawazidi watu kumi: prodyuza, mpiga picha wa video, madijei wawili watatu, mtangazaji, rafiki.

Safari ijayo mpe kila mmoja nakala yenye alama yake. Usitumie ukimya wa mwanzoni, kwa kuwa unakatwa kwa sekunde moja. Badilisha kitu cha ndani: kwenye nakala ya dijei wa kwanza, kayamba inaruka pigo moja katika ubeti wa pili, ya mtangazaji, makofi ya kiitikio cha mwisho yanapigwa mara tatu badala ya nne, ya mpiga picha, besi inaingia mapigo mawili mapema. Andika kwenye daftari nani ana ipi. Wimbo ukivuja, sikiliza kilichovuja na ufungue daftari. Hasara yake ni kazi ya ziada, maana prodyuza lazima atoe nakala moja moja, na ukisahau kuandika umejichosha bure.

Halafu jaza taarifa ndani ya MP3 yenyewe: jina la wimbo, la msanii, mwaka, na kwenye sehemu ya maoni weka namba ya kukodi shoo. Taarifa hizo husafiri na faili likinakiliwa, ingawa baadhi ya vibanda hufuta na kuandika jina lao. Kwa hiyo jitaje pia kwa sauti, na si mwanzoni tu bali katikati, juu ya ala, mahali ambapo mtu akikata wimbo unaharibika. Picha ya jalada iwe ndogo, pikseli 500 kwa 500. Redio nyingine za magari zinakwama na picha kubwa.

Nilinunua biti mtandaoni kwa bei rahisi. Msambazaji wangu aliniuliza kama nataka Content ID, nikasema ndiyo. Sasa wasanii nisiowajua wananitukana. – Iringa

Wana sababu. Biti ya bei rahisi huwa na leseni isiyo ya kipekee, maana yake imeuzwa kwa wengine wengi. Content ID ni mfumo wa YouTube unaolinganisha sauti, na wenyewe haujui kwamba biti si yako peke yako. Ukiisikia kwenye nyimbo zao unaweka dai kwa jina lako. Mwandikie msambazaji leo aiondoe Content ID kwenye wimbo huo na aachie madai yote yaliyokwisha wekwa. Wimbo wako nao ukiwekewa dai na mtu mwingine, pinga kwa kuambatisha leseni. Mdai ana siku 30 za kujibu. Dai la namna hii si straiki, yaani onyo linaloweza kufungisha chaneli, kwa hiyo usiogope kupinga. Na soma leseni hadi mwisho: nyingi zina kikomo cha idadi ya kusikilizwa.

Nimetengeneza mashine ya kuchambua parachichi kwa uzito. Nimealikwa kwenye maonyesho ya ubunifu, baadaye nataka kuipeleka Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Naogopa kuigwa. Pia nataka kupiga muziki bandani. – Makambako

Wazo la kuchambua parachichi kwa uzito halina mwenyewe. Kinachoweza kulindwa ni namna mashine yako inavyofanya, na hiyo ni kazi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, inayoombwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Peleka maombi kabla ya kuonyesha, kwa sababu hataza inadai upya, na mtambo uliokwisha onwa hadharani unaweza kuhesabiwa si mpya tena. Maombi yana maelezo, michoro, muhtasari na madai. Watu hufeli kwenye madai: wanaandika sifa ("mashine bora, imara, ya gharama nafuu") mahali pa kuandika sehemu gani inaunganishwa na ipi na kinatokea nini. Programu inayoendesha mizani, kama ipo, inalindwa na hakimiliki tangu ulipoiandika. Tunza matoleo yake yenye tarehe.

Muda ukikubana, onyesha matokeo, ficha utumbo. Funika sehemu ya mizani kwa bati lililofungwa kwa skrubu, parachichi liingie huku na litokee kule katika makundi matatu. Taja gramu, usitaje ni kwa nini lango linafunguka. Atakayekuuliza mara tatu kuhusu springi si mnunuzi.

Kabla ya kusaini fomu ya waandaaji, tafuta sentensi kuhusu umiliki. Ikisema kazi zote zitakuwa mali yao, ikate kwa kalamu, andika "picha na maelezo kwa ajili ya matangazo tu", saini pembeni na wao wasaini. Wakikataa, rudi nyumbani na mashine yako.

Kuhusu muziki: bandani ni hadharani, si sebuleni. Waulize waandaaji kama leseni yao ya muziki inafika kwenye mabanda. Video za mashine zirekodiwe spika ikiwa imezimwa. Ukipandisha video yenye wimbo wa mtu kwa nyuma, mapato yake yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo, na wewe ndiye uliyetoka jasho.

Mwalimu wetu wa kwaya alifariki 2011. Nyimbo zake si za kwaya sasa? – Njombe

Hapana. Hakimiliki inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mpaka mwisho wa 2061 zungumzeni na warithi, na kwa maandishi.

Nikijitumia wimbo kwa barua iliyofungwa, muhuri wa posta si ushahidi? – Mafinga

Ni dhaifu, kwa kuwa bahasha inaweza kutumwa wazi ikafungwa baadaye. Sajili COSOTA, na faili za mradi wa studio zihifadhi na tarehe zake.

Nimemrekodi mzee akipiga ligombo (ala ya nyuzi ya Wahehe), nataka sekunde 8 tu kwenye biti. Sekunde chache si bure? – Prodyuza, Iringa

Hakuna sekunde za bure. Upigaji wa mzee una hakishiriki, yaani haki ya anayepiga au kuimba, basi mpe karatasi ya ruhusa iliyosomwa kwa lugha anayoielewa vizuri, na mkubaliane malipo. Kama ni pigo la asili la Wahehe, matumizi ya biashara yanahitaji pia kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Na usilivute ligombo lifuate kinanda chako. Nyuzi zake hazikukazwa kwa kipimo hicho, na ukilivuta linatoa mlio wa kopo. Kaza besi na kinanda vimfuate mzee.