Fundi Anajibu: Kichwa cha treni ya mfano ambacho vipuri vyake havitengenezwi tena

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Dodoma. Padri mmoja Mwitaliano alipokuwa akirejea kwao alimwachia treni ndogo ya umeme yenye kichwa kimoja, mabehewa matatu na reli za kupanga kwa duara, na tumekuwa tukiichezesha kila Krismasi. Sasa kichwa kikiwashwa kinatoa sauti ya tiki, tiki, kinarukaruka kidogo kisha kinasimama huku mota ikiendelea kulia. Chini yake pameandikwa Lima. Niliandikia duka moja la nje nikajibiwa kwamba gia zake hazitengenezwi tena na wao hawana akiba. Je, nikiweke kabatini kiwe pambo? (Msomaji wa Kizota, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabati lisubiri kwanza. Duka hilo limekujibu kweli, ila limejibu swali moja tu kati ya mawili. Kampuni ya Lima, iliyoanzishwa Vicenza nchini Italia mwaka 1946, ilifilisika mwaka 2004, na jina lake likanunuliwa na Hornby ya Uingereza; kwa hiyo usitegemee kupata gia ile ile ikiwa mpya kwenye pakiti yake. Hata hivyo, kichwa chako hakidai gia ya kiwanda fulani. Kinachodai ni idadi fulani ya meno, ukubwa fulani wa meno hayo, na tundu linalolingana na shafti, na hayo yote unaweza kuyapima mwenyewe ukiwa mezani kwako.

Tuanze na ugonjwa kabla ya dawa. Toa bodi, kisha itenganishe mota na gia, uiwashe ikiwa peke yake kwa betri ya volti 9. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima na tatizo liko kwenye gia. Sasa zungusha gurudumu kwa kidole, polepole, huku umeweka taa upande wa pili. Gia za plastiki huingizwa kwa nguvu kwenye shafti ya chuma. Miaka inavyopita plastiki hunywea, chuma hakinywei, na mwishowe gia hupasuka kuanzia kwenye tundu hadi katikati ya meno mawili. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele na ni rahisi kuupita bila kuuona, lakini pale ulipo meno yale mawili yameachana kuliko wenzao, hivyo kila gia inapomaliza mzunguko mmoja, jino la gia jirani hugonga hapo. Nina hakika kwa kiasi kikubwa kwamba tiki unayoisikia ndiyo hiyo, hasa kama inakuja kwa mpigo ule ule kila mzunguko.

Kabla ya kuihukumu gia, hata hivyo, safisha. Vumbi letu la Dodoma, lile jembamba la miezi ya upepo, likichanganyika na mafuta ya zamani yaliyoganda, hugeuka kuwa tope linalosaga kila linapogusa, na nimeona vichwa vilivyotangazwa kufa vikifufuka kwa mswaki mkuukuu na spiriti. Usitumie petroli, kwa sababu huharibu baadhi ya plastiki. Chukua pia kijiti cha meno uchokonoe ile mifereji myembamba ya komyuteta, yaani silinda ndogo ya shaba inayosuguliwa na kaboni, kwani unga wa kaboni ukijaa humo, umeme hupita njia ya mkato na mota hupata moto bila kuwa na nguvu. Ukimaliza, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano kwenye kila beringi. Tone moja, si mawili. Linalozidi litaishia kwenye komyuteta.

Tuchukulie sasa kwamba umeuona ufa. Hesabu meno ya gia hiyo, kisha pima kipenyo chake cha nje kwa venia, yaani rula yenye taya mbili za kubana kitu kinachopimwa. Gawanya kipenyo kwa idadi ya meno ukiwa umeongeza mbili, na utapata kile ambacho mafundi wa gia hukiita moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino. Kwa mfano, gia ya meno 18 yenye kipenyo cha milimita 8 ina moduli ya 0.4, kwa kuwa 8 ukigawanya kwa 20 unapata 0.4. Kuna mitego miwili hapa. Gia iliyopasuka imetanuka, kwa hiyo kipimo chake kinadanganya kwa kuzidi; na gia yenye meno witiri haina jino linalotazamana na jino, kwa hiyo venia itakupa kipimo pungufu. Ndiyo maana nakushauri uhakikishe kwa njia ya pili, ambayo ni kupima umbali kati ya shafti mbili zinazokutana. Jumlisha meno ya gia zote mbili, zidisha kwa moduli, kisha gawa kwa mbili. Meno 18 na meno 24 kwa moduli ya 0.4 yanapaswa kukupa milimita 8.4 kati ya shafti na shafti. Hesabu zikigoma, rudia kupima kabla ya kununua chochote.

Ukiwa na vipimo hivyo mkononi, nenda kwa fundi redio umwombe akufungulie sanduku lake la mabovu. Deki za CD, printa na kamera za zamani zimejaa gia ndogo za namna hii. Kuwa mwangalifu na gia za magari ya watoto, kwa kuwa nyingi ni za moduli ya 0.5, na ukiilazimisha hiyo ikutane na ya 0.4, meno yatalana siku ya kwanza. Tundu likiwa kubwa kuliko shafti si tatizo, kwa sababu fundi wa mashine ya kukereza atakuchongea bushi ya shaba, yaani kijibomba cha kujaza nafasi kati ya tundu na shafti, kwa muda mfupi. Mafundi wa karakana za SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wanaiweza kazi hiyo. Meno yenyewe usiwaombe wachonge, maana meno madogo kiasi hicho yanahitaji kikata chake maalumu, na karakana ya kawaida haina sababu ya kukiweka.

Wapo watakaokushauri uichapishe gia hiyo kwa printa ya pande tatu. Mimi siikatai njia hiyo, ila angalia ni printa gani. Jino la moduli ya 0.4 lina kimo cha milimita 0.9 tu, wakati printa ya kawaida ya uzi wa plastiki hutoa mstari wenye upana wa karibu milimita 0.4, kwa hiyo utapata kitu kinachofanana na gia kwa mbali. Printa inayotumia utomvu wa kugandishwa kwa mwanga hutoa meno safi zaidi, lakini plastiki yake mara nyingi ni kavu na huvunjika upesi, hivyo chapisha kadhaa kwa mara moja.

Njia ambayo mimi ningeianza ni nyingine. Lima ilitumia mota ya aina moja, ile bapa ya mviringo, katika vichwa vingi mno kwa miaka mingi, ikabadilisha bodi tu kulingana na nchi. Usitafute kichwa kinachofanana na chako kwa sura, bali tafuta kibovu chochote chenye mota na fremu ya magurudumu kama yako, kiwe na rangi za Ujerumani, Ufaransa au Uingereza. Wauzaji wa mtumba wa nje huviuza vibovu hivyo kwa bei ya chini kwa kuwa bodi imevunjika, na wewe bodi huihitaji. Omba picha ya sehemu ya chini kabla ya kulipa, na umuulize muuzaji kama gia zinazunguka bila kukwama.

Supa gluu peke yake haitakusaidia, kwa sababu plastiki za gia nyingi haziishiki, na hata ikishika, shafti bado inaisukuma gia itoke nje. Ikiwa huna budi kuitibu gia ile ile, panua tundu lake kidogo sana kwa biti inayozungushwa kwa vidole hadi shafti iingie bila kusukumwa, ziba ufa, kisha funga shingo ya gia, kama inayo, kwa mizunguko michache ya waya mwembamba wa shaba. Itakuvusha hadi kibovu ulichoagiza kifike.

Jambo dogo la pembeni, kwa heshima ya marehemu baba yako. Kama reli zako zina upana wa milimita 16.5 na kichwa ni cha kipimo cha 1 kwa 87, basi treni hiyo inawakilisha reli ya upana wa milimita 1435, yaani ile ya SGR iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, wala si ile ya mita moja iliyofika hapa mwaka 1910, ambayo nadhani ndiyo aliyoitumikia.

SWALI: Fundi, kichwa changu cha treni ya mfano mota yake ni nzima, lakini magurudumu yanazunguka pale pale na hakivuti hata behewa moja. Pete za mpira zilizokuwa kwenye magurudumu mawili zimekauka zikakatika, na kampuni yake haipo tena. (Msomaji wa Manyoni)

JIBU: Hili ndilo jepesi kuliko yote mwezi huu. Pima kipenyo cha chini ya mfereji wa gurudumu na upana wa mfereji huo, kisha tafuta pete ya mpira yenye kipenyo cha ndani kilicho pungufu kidogo. Kwa mfereji wa milimita 11, pete ya milimita 10 itakaa vizuri. Ikibana kupita kiasi itapanda juu ya ukingo. Pete nene za duara zinazouzwa kwa ajili ya mabomba huliinua gurudumu, na magurudumu yasiyo na mpira yakaacha kugusa reli. Hilo si dogo, kwa kuwa mpira haupitishi umeme na kichwa kinategemea magurudumu hayo ya chuma peke yake kupata umeme. Kipande kilichokatwa kwa wembe kutoka kwenye mrija laini wa silikoni wenye kuta nyembamba hufanya kazi vizuri. Safisha mfereji kwa spiriti kwanza, na usiweke gundi.

SWALI: Mota ya kichwa changu imeungua kabisa, na fremu ya chuma imevimba na kupasukapasuka yenyewe bila kuanguka. Je, vyote viwili vinatibika? (Msomaji wa Kongwa)

JIBU: Mota, ndiyo. Mota ndogo ya deki ya CD huingia katika nafasi ya mota nyingi za zamani, mradi ukumbuke kwamba nyingi zimekusudiwa volti 5 au 6 wakati reli za mfano hupewa hadi 12. Usiufikishe mwendo kwenye kikomo, au weka daiodi, yaani vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye njia ya umeme; kila moja hupunguza takriban volti 0.7. Kwa kuwa umeme wa reli hubadilishwa mwelekeo ili treni irudi nyuma, ziweke mbili mbili, zikielekeana kinyume.

Fremu, hapana. Hiyo ni aloi ya zinki iliyochanganyika na uchafu, hasa risasi, tangu ilipomiminwa kiwandani, na inaoza kutoka ndani. Hakuna rangi wala gundi inayouzuia uozo huo. Ukavu wa Kongwa unauchelewesha tu. Ichore sasa hivi kwenye karatasi ikiwa na vipimo vyote, kabla haijavimba zaidi, ukitoa vipimo vya urefu kwenye bodi ya plastiki ambayo haijabadilika. Kisha mpelekee mchoro huo fundi mwenye mashine akukatie fremu mpya kwa bapa la shaba nyeupe. Litakuwa zito kuliko la mwanzo, na kwa kichwa cha treni uzito huo ni faida, kwa sababu magurudumu hushika reli vizuri zaidi.