Boksi la fataki limegoma katikati: je, naweza kuliwasha tena?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Kwenye sherehe ya familia tuliwasha boksi la fataki lenye mirija 25. Likapiga tisa, likanyamaza. Mjomba akachukua kiberiti akitaka kwenda kuwasha utambi uliobaki, nikamzuia, tukagombana mbele ya wageni. Nani alikuwa na haki? Pia tumebakiwa na maboksi mawili tunayotaka kuyapiga kwenye harusi ya dada yangu, na jirani ana mtoto mchanga na mbwa. Tufanyeje tusimkwaze?

JIBU: Nzuri, na pole kwa ugomvi. Ulifanya vyema kumzuia. Msomee mjomba jibu hili kwa upole, maana kosa alilotaka kulifanya nimeliona kwa watu wazima wengi, tena waangalifu.

Boksi la aina hiyo ni mirija ya karatasi ngumu iliyogundishwa pamoja, na utambi unapita ndani kutoka mrija hadi mrija. Kwenye kitako cha kila mrija kuna baruti nyeusi ya kurushia, ile ya kale: sehemu 75 shura, 15 makaa, 10 salfa. Juu yake imekaa fataki yenyewe ikiwa na utambi wake mfupi wa kuchelewesha. Boksi likinyamaza, huenda utambi umekatika au umepata unyevu, moto ukafa kweli. Lakini huenda pia moto unafukuta polepole ndani ya karatasi, kama kijinga kilichofunikwa na jivu, ukitafuta baruti kavu. Wewe uliye nje huwezi kutofautisha hali hizo mbili. Moshi si dalili ya kutegemea.

Siku moja kazini boksi letu lilinyamaza hivyo hivyo. Msaidizi wangu alikuwa ameshavaa glavu na kupiga hatua mbili, nikamwambia angoje. Dakika kadhaa baadaye mrija wa pembeni ukapiga kama vile hakuna kilichotokea. Angekuwa ameinama pale, ingempata usoni. Tangu siku ile sijawahi kuharakishwa na mtu yeyote, hata awe mwenye shughuli.

Kwa hiyo kaeni mbali kwa nusu saa kamili, kwa saa, si kwa kukisia, na mtu mmoja awazuie watoto. Kisha lijieni boksi kwa ubavu, bila kupitisha kichwa wala mkono juu ya midomo ya mirija. Lilowesheni kwa mpira wa maji kutoka mbali kidogo, halafu lizamisheni kwenye beseni hadi kesho yake. Karatasi ile ni nzito na gundi yake hukawia kulainika, ndiyo maana kumwagia maji juu juu hakutoshi. Msilichane kuona kilichomo, wala msilitupe kwenye moto wa taka.

Sasa harusi. Kabla ya yote, ulizeni polisi au ofisi ya serikali ya eneo lenu. Nchi nyingi hudai kibali, huweka saa za mwisho, na nyingine hazimruhusu raia wa kawaida kupiga fataki kabisa. Kwamba mliuziwa dukani haimaanishi mmeruhusiwa kupiga. Someni pia lebo. Kwenye maboksi ya viwango vya Ulaya mtakuta alama za daraja la hatari, F1 hadi F4; F4 ni ya wenye ujuzi maalumu tu, msiiguse. Boksi lisiloonyesha umbali wa watazamaji ni bora lisiwashwe.

Kuhusu jirani, kuna jambo wateja wangu wengi hawalijui: rangi haihitaji kishindo. Wekundu hutokana na chumvi za stronti, kijani bariamu, buluu shaba. Mlio ule wa kupasua masikio mara nyingi ni baruti nyingine, yenye unga wa alumini, iliyowekwa makusudi ili ilie. Fataki za chemchemi, zinazomwaga cheche kutoka chini, hazina kishindo hicho na zinapendeza sana nyuma ya maharusi, mradi wasimame umbali ulioandikwa kwenye lebo. Kama duka linakubali kubadilisha, badilisheni.

Mkibaki na maboksi yenu, nendeni kwa jirani siku kadhaa kabla, si jioni ile ile. Mwambieni saa ya kuanza na ya kumaliza, na muulizeni mtoto hulala saa ngapi; kama mnaweza kusogeza saa, sogezeni. Mbwa husikia sauti za juu kuliko sisi, takriban hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 45,000 ilhali binadamu huishia 20,000. Mwenye mbwa akijua saa atamtembeza mapema, amfungie ndani na mapazia yameshushwa. Asipojua, mbwa ataruka ukuta. Siku yenyewe tazameni upepo unakoelekea: moshi usiingie kwenye dirisha la mtoto yule. Upepo ukiwa mkali, ahirisheni.

Na alfajiri, kabla watoto hawajatoka kucheza, mtu mzima azunguke uwanja na ndoo ya maji akiokota mabaki. Vile vipande vyenye rangi nzuri ambavyo havikuungua ndivyo mtoto huviona kwanza.