Sunomono yangu inajaa maji, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Bi Mpishi. Napenda sana sunomono, yale matango ya Kijapani yanayoliwa na siki. Nikitengeneza nyumbani nakata matango, namimina siki, sukari na mchuzi wa soya, naweka kwenye friji. Nusu saa baadaye bakuli limejaa maji na ladha imepooza. Tatizo ni siki? Natumia ile nyeupe ya kawaida. Na ule mwani ni lazima?
Msomaji wako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siki nitaifikia, lakini sio mkosaji mkuu. Umeruka chumvi. Tango karibu lote ni maji, na ukilitia sukari na soya, maji hayo huvutwa nje, yakaishia bakulini. Wajapani huyatoa mapema, kabla siki haijaingia.

Chukua matango mawili membamba, kama gramu 200. Ya Japani yana ngozi laini na mbegu chache, kwa hiyo hayamenywi. Lako likiwa nene, lipasue kwa urefu, ukombe mbegu kwa kijiko. Ngozi ikiwa ngumu, imenye. Kata vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, changanya kwa mkono, acha dakika 10.

Sasa kamua, na hapa ndipo wengi huona huruma. Wanabonyezabonyeza tu, wakidhani matango yatapondeka. Hayapondeki! Chumvi imeshayalegeza. Yashike kiganjani, uyaminye kwa nguvu mpaka maji yaache kuchuruzika, fungu baada ya fungu. Utashangaa: yatapungua sana, lakini ukiyatafuna bado yanatoa mlio. Onja kipande. Chumvi ikiwa imezidi, suuza upesi, kamua tena.

Kwa kiasi hicho cha matango, changanya vijiko vikubwa 2 vya siki ya mchele, kijiko kikubwa 1 cha sukari na kijiko cha chai 1 cha mchuzi wa soya. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote. Ikigoma, pasha moto kidogo, kisha poza kabisa. Siki ya mchele ni ya upole. Hiyo nyeupe yako ni kali na harufu yake hupanda puani, basi tia kijiko kimoja na nusu, nusu iliyobaki iwe maji. Ukienda kununua ya mchele, soma chupa vizuri: ile ya kuchanganyia wali wa sushi imeshatiwa sukari na chumvi, na ukiiongezea yako utakuwa umetengeneza peremende ya matango.

Mwani wa wakame si lazima, ila mimi siupendi mlo huu bila huo. Mkavu, kijiko cha chai 1 kinatosha kabisa, kwani hufura mno. Loweka kwenye maji baridi kwa dakika 5, kamua nao pia. Huko Japani wengine huongeza vipande vya pweza wa kuchemsha, au nyama ya kaa. Ufuta uliokaangwa humwagwa juu mwishoni, na nyuzi chache za tangawizi mbichi hazijamkera mtu.

Kuhusu friji: weka matango yaliyokamuliwa kwenye chombo chake na siki kwenye chake, vyote vipoe, kisha uvikutanishe watu wakiwa wanakaa mezani. Pakua kidogo. Sunomono huliwa katika vibakuli vidogo, matonge machache tu pembeni ya wali, supu ya miso na samaki wa kuchoma. Sio sinia la saladi. Ikibaki mpaka kesho yake bado inalika, ingawa siki itakuwa imefifisha ule ukijani. Mwaga maji yaliyojikusanya chini, ongeza siki kidogo, ule.